Mtu Mwenye Biki Mkononi

Gari likiachwa juani na vioo vimefungwa, viti vyake hutoa harufu ya pekee, ya plastiki iliyopata moto, vumbi la barabarani na mpira mpya. Wenzangu pale chuoni wanaipenda, kwa sababu kwao ni harufu ya safari ya kikazi. Mimi ikinigonga puani, mkono wangu huanza kutafuta pa kufungulia mlango hata kabla sijakaa sawasawa. Nimekuwa mwalimu wa walimu kwa miaka mingi, nimepanda magari mengi ya serikali na ya mashirika, na bado.

Juzi tulikwenda Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi, kuwatazama wanafunzi wetu wakijifunza kufundisha. Darasa lilijaa watoto waliozaliwa ng'ambo ya ziwa, wenye Kiswahili kilekile nilichokuja nacho mimi. Mwanafunzi wangu, binti mwenye bidii, alinionyesha msichana mdogo aliyekaa kwenye kona ya nyuma. "Huyu hana shida yoyote, Madamu," alininong'oneza. "Mtulivu kabisa. Natamani wote wangekuwa kama yeye." Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alimsikia akisema neno. Akaanza kupekua daftari la mahudhurio.

Niliporudi kwenye gari nilisimama nje kitambo, mlango wazi, mpaka dereva akauliza kama namsubiri mtu.

Mimi na Mama Mukubwa tulivuka ziwa Mweru, kutoka Kongo kuja Zambia, wakati wa vita. Mama Mukubwa ni dada wa mama yangu. Mama yangu mwenyewe alifariki nikiwa bado nanyonya, na sikuwahi kumjua mlezi mwingine. Safari yenyewe imenitoka kichwani, isipokuwa maji meusi, mafuta ya injini yaliyolowa kwenye gauni langu, na mtoto mchanga aliyelia mpaka sauti ikamwisha. Ninachokumbuka vizuri ni kushuka. Ufukweni Kashikishi paliwekwa meza juu ya mchanga, katikati ya vitanga vya samaki waliokuwa wakikauka, na nyuma ya meza alikaa bwana mmoja mwenye kofia, akiandika. Mbele yetu alisimama mama tuliyesafiri naye, amemshika mkono msichana wa rika langu. Bwana akamwuliza yule msichana kwa upole, "Huyu ni nani yako?"

Msichana alikuwa amefunzwa kusema kweli. "Ni jirani," akasema. "Mama alibakia Pweto."

Bwana akaandika. Haukupita muda nikamwona yule mama akipandishwa lori moja na yule msichana lori jingine, na malori yakaondoka, la kwanza likitimua vumbi usoni mwa la pili. Msichana alikuwa akipiga ubao wa lori kwa viganja. Siku hizi, nikifikiri kwa akili ya mtu mzima, naona pengine lori la kwanza lilijaa tu, na wote wawili walishushwa mahali pamoja jioni ile. Lakini hakuna aliyenieleza hivyo, na mimi nilishaelewa kivyangu.

Mama Mukubwa naye aliona. Aliinama kana kwamba ananifunga kitambaa kichwani, kinywa chake kikagusa sikio langu.

"Sikia muzuri. Mi njo mama yako. Si mama mukubwa, mama. Na ukiona mutu iko na biki mu mukono, funga kinywa. Usijibu kintu. Hata jina yako usiseme."

Kwetu kila kalamu ya wino ni biki. Ya yule bwana ilikuwa ya buluu, imetafunwa kwa nyuma. Niliitazama hiyo tu aliponiuliza jina, na Mama Mukubwa akasema, "Mutoto yangu iko na haya." Bwana akacheka, akaandika, akatuelekeza upande wa malori. Mama Mukubwa alinishika mkono, akaelekea huko, kisha tukapinda kwenye vibanda vya soko, tukapotea kati ya watu na magunia. Alikuwa na rafiki wa biashara pale, mama wa Kizambia aliyenunua samaki kwake miaka ya amani. Ndiye aliyetupa chumba nyuma ya nyumba yake.

Hivyo tukakaa. Mama Mukubwa aliuza chisense, vile visamaki vidogo kama vijiti vya kiberiti, na jioni tulinuka chumvi na moshi. Chumbani nilikuwa mtoto mwenye maneno mengi kuliko wote unaowajua. Nilimsimulia kila kitu mpaka anilaze kwa nguvu. Ndiyo maana hakujua yaliyonipata shuleni. Nani angeweza kujua?

Alinipeleka shuleni kwa hofu, si kwa kupenda elimu. Mtoto anayezurura sokoni saa za masomo huvuta macho ya watu, na sisi macho hatukuyataka. Akanishonea sare, akanisukuma kwenye lango la shule moja ya msingi upande wa Nchelenge, akarudi kwa samaki wake. Nikaingia darasani. Mbele ya ubao alisimama kijana mwembamba, shati lake jeupe limepigwa pasi, na mfukoni mwa shati, upande wa moyo, biki. Mkononi alikuwa na nyingine, nyekundu.

Nikafunga kinywa.

Yule alikuwa Ticha Kunda. Nataka mnielewe, ninyi wa rika langu mliosoma katika madarasa yale, kwa nini nilidumu nikinyamaza bila mtu kugundua. Masomo yetu yalikuwa ya kuitikia. Ticha alisema sentensi ya Kiingereza, sisi tukairudisha kwa pamoja, kama watu wanaovuta wavu. Nilifungua na kufumba midomo pamoja na wengine, pasipo kutoa pumzi. Kisha tulinakili ubaoni. Nilinakili vizuri sana, kwa sababu maneno yale kwangu yalikuwa picha, na picha nilijua kuchora. Sikuelewa hata neno moja, na daftari langu lilisifiwa darasa zima. Ticha aliliinua juu na kuwaonyesha wale waliokuwa wakinong'onezana kwa Kibemba. Mwisho wa muhula nilipewa alama nzuri katika tabia. Nimehudhuria mikutano mingi juu ya namna ya kumfanya mtoto awe kitovu cha somo, na kila mara namkumbuka yule mwanafunzi bora, ambaye hakuwa akijifunza chochote, na jinsi alivyowapendeza watu wote.

Lugha ya sokoni ilikatazwa pale. Aliyeshikwa akisema Kiswahili alichapwa. Aliyesema Kibemba nje ya kipindi chake alichapwa kidogo. Mimi sikuwahi kuchapwa kwa lolote. Nilikaa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, nikiogopa tangu kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Nilijifunza kukohoa bila sauti. Siku moja nyuki aliniuma shingoni, na machozi yalinitoka mpaka kwenye kola, na sikulia. Kila biki niliyoiona ilikuwa biki ile ya ufukweni, na nyuma ya kila biki palikuwa na lori.

Siku ya kugunduliwa ilifika kwa sababu ya wakaguzi. Ilisemwa wanakuja, na Ticha Kunda akataka kila mmoja asimame, ataje jina lake kwa Kiingereza. Zamu ikapita ikija kwangu. Nikasimama. Akasubiri. Akarudia swali, polepole. Darasa likaanza kucheka, kisha likaacha kucheka. Ticha akanisogelea na kuniangalia usoni kama mtu anayeona leo kwamba nyumbani kwake kuna mlango ambao hajawahi kuufungua.

Alinipeleka kwa mwalimu mkuu. Huyo alikuwa mzee mwenye sauti nzito na fimbo iliyotegemezwa kabatini. Alinigeuza nitazame ukuta, kisha akapiga makofi nyuma ya kichwa changu. Nilisikia. Nilisikia mpaka kwenye meno. Lakini hofu ilishanigandisha, na sikutikisika hata ukope. Akapiga tena. Akagonga meza kwa fimbo. Halafu akasema kitu kwa Kiingereza, na Ticha Kunda akainamisha kichwa.

Tangu siku hiyo watoto wakaniita Chibulu. Sikujua maana yake kwa Kibemba. Nilidhani ni jina la shule, kama lile tunalopewa kanisani, na kwamba nimepewa kwa sababu nilisimama vizuri kwa mwalimu mkuu. Nilipokwenda msalani walinipisha njia. Nilijiona mtu mkubwa kidogo. Mpaka leo, nikisikia mtu akiita mwenzake bubu kwa Kibemba, kwanza huja ile fahari, ndipo aibu inafuata.

Baada ya muda mwalimu mkuu alituma mtoto sokoni amwite mzazi wangu. Mama Mukubwa hakwenda. Alirudi nyumbani mapema, samaki hawajaisha, akafunga mlango na kukaa kitandani, mikono katikati ya magoti.

"Banajua," akasema.

"Banajua nini, Mama?"

"Hedi ya masomo yako ananiita. Juu ya nini aniite? Banajua sikukuzaa." Alizungumza chini sana, macho kwenye mlango. "Ulisema na mutu?"

"Apana! Sikusema hata kidogo!"

Na kweli tupu ilikuwa hiyo. Aliniamini, na kuniamini kukamtia hofu zaidi, kwa sababu sasa hakujua siri ilivuja wapi. Wala mimi sikujua kwamba ilikuwa haijavuja kabisa, kwamba kinachotufukuza ni ule ukimya wenyewe. Tulikaa pale tukiogopana na kuoneana huruma. Asubuhi alisema anakwenda bandarini kutafuta gari la samaki litakalotufikisha Mwansabombwe, kwa ndugu wa rafiki yake, na mimi niende shuleni kama kawaida, watu wasishuku. Jioni tungeondoka.

Nilipofika shuleni palikuwa na gari kubwa jeupe limesimama juani, mbele ya ofisi.

Ndani ya ofisi alikuwepo mama mmoja wa mjini, mwenye miwani, amejivika kamba shingoni, na kwenye kamba imening'inia biki. Alikuwa mtaalamu wa watoto wasiosikia. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule niliona gari na biki, basi. Alinishika bega kwa wema. Alijaribu kunipigia kengele ndogo sikioni, lakini madarasa yalikuwa yakiitikia kwa nguvu pande zote, na vipimo vyake vilihitaji mahali pa kimya. Shule nzima haikuwa na mahali pa kimya. Kwa hiyo akafikiria gari lake.

Akanitoa nje, akanipandisha kiti cha mbele, akafunga mlango. Akazunguka, akaingia upande wa pili, akafunga na huo. Akapandisha kioo.

Harufu ile ikanifunika. Plastiki ya kiti iliniunguza mapaja. Nje ya kioo walisimama mwalimu mkuu na Ticha Kunda, midomo yao ikicheza bila sauti. Yule mama akaingiza mkono kwenye mkoba, na mimi nikajikojolea. Nilihisi joto lile likienea chini yangu na nikajua wataniua kwa kuchafua kiti cha serikali. Kisha, kwa kuwa joto lilikuwa kali na hakuweza kupumua, yule mama aliwasha injini ili feni lifanye kazi.

Gari likatetemeka. Kwangu lilikuwa limeondoka.

"Musinipeleke!" Nilipiga kioo kwa viganja. "Njo mama yangu! Mama Mukubwa njo mama yangu, alinilea yeye! Sikusema na mutu! Sikusema! Mama eee!"

Maneno ya miezi yote yalinitoka kwa pamoja, na makamasi, na kikohozi. Yule mama alinitazama kwa makini, biki mkononi. Alifungua mlango na kuwaambia wale wawili jambo kwa Kiingereza. Ticha Kunda alinieleza maana yake nilipokuwa mkubwa: mtoto huyu anatoa sauti, alisema, lakini si maneno.

Mwalimu mkuu aliitikia kwa kichwa. Yeye alitoka mbali, Kiswahili hakukijua. Nikamtazama Ticha Kunda, na hapo niliona jambo ambalo sikulitegemea: uso wake ulikuwa umepauka. Alikuwa akinisikia na kunielewa. Macho yake yalikwenda kwa mwalimu mkuu, yakarudi kwangu, yakaenda tena. Alikuwa mwalimu wa muda, aliyekuwa akisubiri barua ya kuajiriwa, na alikwishawachapa watoto kwa kusema lugha ile. Alizaliwa pale pale ufukweni Kashikishi. Kiswahili cha wavuvi alikijua kabla ya Kiingereza, na hakuna mtu shuleni aliyewahi kusikia neno moja la Kiswahili likimtoka. Alikuwa akiogopa kama mimi. Sijawahi kuona mtu mzima akiogopa hivyo mbele ya kitu kidogo hivyo.

Kisha akaja kwenye ule mlango uliofunguliwa, akainama.

"Mutoto," akasema, "unaogopa nini?"

Kama ningepigwa kofi nisingeshtuka zaidi. Nikamwambia. Nilimwambia yote: meza ya mchangani, yule msichana na jirani yake, malori, biki, mama yangu aliyekufa, Mama Mukubwa aliyesema ni mama, gari la samaki la jioni, Mwansabombwe. Kila nililokatazwa kusema nililisema, kwa mtu mwenye biki mfukoni, na wengine wawili wenye biki wamesimama wanasikiliza. Nilipomaliza nilielewa nilichofanya. Nilikuwa nimemuuza Mama Mukubwa.

Ticha Kunda alisimama wima, akawageukia, akasema kwa Kiingereza. Alisema maneno machache sana. Nikashangaa, yangu yalikuwa mengi. Mwalimu mkuu alimkodolea macho. Yule mama alivua miwani, akacheka kidogo, akasema neno, na nadhani alivunjika moyo, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali. Akanifungulia mlango. Nilishuka, sare imelowa, nikakimbia mpaka nyumbani bila kugeuka.

Mama Mukubwa alikuwa tayari amefunga vifurushi. Gari la samaki lingetupitia kabla ya jua kuzama. Nilijua napaswa kumwambia, na kila nilipotaka kuanza nilikaza tena fundo la kifurushi. Nilikaa juu ya kifurushi nikisikiliza barabara. Kila injini ilikuwa lori lao. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa mlango ulipobishwa, na nilipochungulia niliona shati jeupe.

"Ni Ticha," nikasema, na hapo hapo nikamwambia, "Nilisema, Mama. Nilimuambia yote."

Hakunipiga. Alinisukuma nyuma yake, akafungua mlango, akasimama akiuziba kwa mwili wake wote.

"Mama, jambo," akasema Ticha Kunda, kwa Kiswahili, akivua kofia. "Hakuna mutu anakuja nyuma yangu. Niko peke yangu."

"Unataka nini?"

"Ninataka usiende Mwansabombwe."

"Uliwaambia nini bale bakubwa?"

"Niliwaambia mutoto aliogopa motokari."

"Na ingine?"

"Ingine nini? Sikusikia kintu kingine."

Mama Mukubwa alishika mwimo wa mlango, akajiachia polepole mpaka akakaa kizingitini, akafunika uso kwa kitenge. Mabega yalimtikisika, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Ticha Kunda alisubiri, akiangalia pembeni kwa heshima. Alimweleza kwamba shuleni walidhani mimi ni kiziwi, kwamba yule mama alitaka kunipeleka shule ya viziwi mkoa mwingine, basi. Hakuna aliyeuliza nani alinizaa. Hakuna aliyefikiria hata kuuliza. Mama Mukubwa alifunua uso, akanitazama mimi, kisha yeye.

"Muezi yote ile hakusema? Huyu? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, Mama."

"Na nyinyi mulikuwa munamufundisha?"

Ticha Kunda alipokea chisense alizofungiwa kwenye gazeti, akashukuru kwa mikono miwili, akaenda zake. Gari la samaki lilipopiga honi nje, Mama Mukubwa alitoka akaliambia liende.

Nilidhani Jumatatu Ticha Kunda atanisemesha kwa Kiswahili mbele ya wote. Hakunisemesha. Alikuwa na shati lake na barua yake ya kusubiri, na sheria ya shule ilikuwa ileile. Ila alipopita kwenye dawati langu aliinama kama anayekagua daftari, akaninong'oneza maana ya sentensi iliyokuwa ubaoni, neno kwa neno, akaendelea na njia yake. Nadhani hilo lilikuwa somo langu la kwanza kabisa. Kisha akachora samaki ubaoni na kuuliza kwa Kiingereza hiki ni nini, na nikanyoosha mkono.

"Fishi, Ticha," nikasema.

Darasa lililipuka. Chibulu amesema! Wengine walipiga yowe na kukanyagana kuelekea mlangoni, msichana niliyekaa naye alijifunika kichwa akimwita Yesu, na mmoja aliruka dirishani akaonekana akikimbia kwenye mihogo. Mwalimu mkuu alitokea na fimbo yake, na kwa kuwa hakuwa na muda wa kuuliza nani alianza, alichapa mstari wa mbele wote, mmoja mmoja, kwa kosa la kupiga kelele. Zamu yangu ilipofika nilitoa mkono kama wenzangu. Iliuma sana. Nikalia kwa sauti kubwa, kubwa kuliko wote, mpaka wa darasa la pili wakaja kuchungulia.